Kamba Isiyo na Fundo

Kama uko Njombe mjini, Makete au Mufindi asubuhi hii ya Julai, huhitaji mtu wa redioni akuambie kuna baridi. Umeamka ukakuta sakitu imelala juu ya majani, maji ya ndoo yanachoma vidole, na mtoto ameondoka kwenda shule mzula umemfunika hadi kwenye nyusi. Kama unatusikiliza kutoka Tanga au Dar es Salaam huku feni inazunguka, usibadilishe stesheni. Mazungumzo ya leo ni ya sweta, lakini zaidi ni ya mikono, nanyi wa huko nina neno lenu kabla hatujamaliza.

Kuna sweta moja ambalo nina hakika umeliona. Huja kwenye marobota ya mitumba, mara nyingi ni la rangi ya maziwa, zito, na kifuani lina kamba. Kamba zinapanda kutoka kiunoni hadi shingoni, nyingine zimejisokota mbili mbili, nyingine zimepishana kama nywele zilizosukwa. Nimesimama kwenye vibanda vya mitumba nikiwatazama kina mama wakipitisha kiganja juu ya sweta hilo. Wanaligeuza, wanatazama ndani, wanalirudisha, kisha wanasema: hii ni kazi ya mashine. Na wanaosema hivyo si watu wasiojua kufuma. Ni wanawake waliofuma soksi za watoto wachanga, mizula, mashali na masweta ya shule kwa miaka 20 na zaidi. Ukimwambia, mama, hata wewe unaweza, anatikisa kichwa. Kamba siwezi, anasema. Kamba ni ya waliosomea.

Neno hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa leo. Mtu anayejua kufuma soksi anajua tayari kila kitu ambacho kamba inakitaka mikononi mwake. Kinachomshinda, kwa nilivyoona, ni vitu viwili: hajaambiwa kamba ni nini hasa, na sindano alizoshika si za kazi hiyo.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, maana kila mji una maneno yake. Kile kizingo cha uzi kinachokaa kwenye sindano nitakiita kitanzi. Ukifuma kitanzi kikatokea laini mbele yako, chenye umbo la herufi V, nitasema umefuma kwa uso. Kikitokea na kinundu kama punje ya mtama, umefuma kwa mgongo. Ni kitanzi kilekile, ila umekitazama pande mbili. Geuza kitambaa na uso utakuwa mgongo. Sweta zima la rangi ya maziwa, pamoja na kamba zake zote, limetokana na hivyo viwili.

Sasa kamba yenyewe. Redio haina picha, kwa hiyo nitakuomba uwaze foleni ya ndoo bombani. Watu sita wamesimama. Wa kwanza yuko mkono wako wa kulia, kwa sababu wengi wetu tunafuma tukitoka kulia kwenda kushoto. Siku za kawaida anachota wa kwanza, anafuata wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, na kitambaa kinatoka tambarare. Siku ya kamba unawaambia watatu wa mwanzo: jamani, tokeni kidogo kwenye foleni, msubiri hapa mbele yangu. Wanatoka. Anachota wa nne, wa tano, wa sita. Kisha unawarudia wale watatu waliosubiri, nao wanachota kwa mpangilio wao uleule. Basi, kamba imekwisha. Hakuna uzi uliokatwa wala fundo lililofungwa. Watu ni walewale sita, ila waliokuwa kulia wamehamia kushoto, na kwa kuwa wamepita mbele ya wenzao, jicho linaona uzi umepanda juu ya uzi.

Wale watatu wakisubiri mbele yako, kamba inalalia kushoto. Wakisubiri nyuma ya kitambaa, kamba inalalia kulia. Hilo ukilishika, umeshika kila kamba utakayowahi kuiona kwenye robota. Msuko wa nyuzi tatu, ule unaofanana na nywele za binti anayeenda shule, ni mapishano yaleyale: safari hii unasubirisha mbele, safari inayofuata nyuma, tena ukihama na kundi la vitanzi vitatu. Hata yale maumbo ya asali, yenye vijumba vijumba, ni kamba zinazopishana, zinaachana, kisha zinarudiana.

Vitanzi vinavyosubiri vinahitaji mahali pa kukaa, na hapo ndipo inapoingia sindano ya tatu, fupi, yenye ncha pande zote mbili. Mimi huiita kijiti cha kupumzishia. Nitakirudia.

Baada ya mapishano moja unafuma safu kadhaa za kawaida, kisha unapishanisha tena. Kwa kamba ya vitanzi sita, safu saba za kawaida na ya nane ya kupishanisha hutoa kamba iliyotulia. Ukitaka iliyokazwa, pishanisha kila safu ya sita. Namba yoyote utakayochagua, iwe shufwa, isiwe witiri. Sababu ni kwamba kitambaa unakigeuza kila safu: safu hii uso wake unakutazama, inayofuata umegeuziwa mgongo. Ukihesabu kwa witiri, zamu ya kupishanisha itakuangukia mgongoni, na huko kazi ni kubwa bila sababu.

Jambo la pili la kuzingatia ni ardhi ya pembeni mwa kamba. Wakulima wa viazi wa hapa Njombe watanielewa kuliko wote: tuta halionekani mpaka uwe umechimba mfereji. Kamba inafumwa kwa uso, na vitanzi vya kulia na kushoto kwake vinafumwa kwa mgongo ili vizame. Nimeona watu wakifuma kamba katikati ya uso mtupu, halafu wanashangaa mbona haionekani. Imo, ila imekosa mfereji.

Nije kwenye sindano. Hapa naomba uniruhusu nikae muda mrefu.

Sindano zangu za kwanza nilizinunua sokoni, kwenye fungu la mitumba lililofungwa kwa mpira. Nilichagua mbili za kijivu, zote za chuma chepesi, zote zimegongwa namba 8 kwenye kichwa. Nikaamini nimepata jozi. Nikaanza skafu, na skafu ikatoka na mistari: safu moja imekaza, inayofuata imelegea, moja imekaza, nyingine imelegea. Miezi miwili nilikuwa naulaumu mkono wangu. Nilibadilisha namna ya kushika uzi, nilifumua, nilianza upya, mistari ikarudi. Mwisho shangazi yangu akaja kututembelea kutoka kijijini. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, akaniitikia marahaba, na kabla hajamaliza chai akaomba aone ninachofuma. Hakukitazama sana kitambaa. Alizishika sindano, akazipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, huku anatazama dirishani. Akasema, "Mwanangu, hizi si ndugu."

Na kweli hazikuwa ndugu. Moja ilikuwa ya vipimo vya zamani vya Uingereza, nyingine ya vipimo vya Marekani. Kwa Waingereza wa zamani, namba ilivyozidi kuwa kubwa ndivyo sindano ilivyozidi kuwa nyembamba, kama wanavyohesabu waya. Kwa Wamarekani ni kinyume: namba ikipanda, unene unapanda. Namba 8 ya Uingereza ina unene wa milimita 4. Namba 8 ya Marekani ina milimita 5. Ukifuma na moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, kila safu inaumbwa na sindano tofauti, na mistari lazima itoke. Mahali pekee ambapo nchi hizo mbili zinakutana ni namba 7: pande zote mbili ni milimita 4.5.

Kwa hiyo sahau namba, uliza milimita. Sindano mpya huwa na milimita zilizoandikwa kichwani au kwenye karatasi yake. Za mitumba mara nyingi hazina, au maandishi yamefutika. Nenda kwa fundi seremala na kipande cha ubao mwembamba au plastiki ngumu, mwombe akutobolee matundu kwa keekee, tundu la milimita 3, la 3.5, la 4, la 4.5, na la 5. Keekee za siku hizi zinakuja na vipimo hivyohivyo. Andika namba pembeni ya kila tundu. Sindano inayopita bila kulegea wala kulazimishwa, hicho ndicho kipimo chake. Ubao huo mdogo kaa nao kwenye mkoba unapokwenda sokoni, na usione haya kuutoa mbele ya muuzaji.

Mtu anayeanza kamba leo, mwenye fedha ya jozi moja tu, anunue milimita 4.5. Uzi wa sweta wa unene wa kati unakaa vizuri hapo, vitanzi vinaonekana kwa macho bila kuinama, na kitambaa kinakuwa na nafasi ya kusogea wakati vitanzi vinapishana. Nafasi hiyo ni muhimu. Kupishanisha ni kuvuta: vitanzi vitatu vinavukishwa juu ya vingine vitatu, na kama umefuma kwa sindano nyembamba mno, hakuna kinachovutika. Mkono unauma, uzi unalia, na wewe unasema kamba siwezi. Mama zetu wengi walijifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema hapa. Lakini spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi. Inatoa soksi iliyobana inayodumu. Ukitaka kufumia kamba juu ya kitambaa kilichobana namna hiyo, utavunja moyo kabla hujafika mapishano ya tatu.

Kuhusu kilichotengeneza sindano, nina msimamo. Za alumini zinateleza. Fundi mwenye kasi anazipenda kwa sababu hiyohiyo, lakini mwanafunzi wa kamba kuna dakika anaacha vitanzi vitatu vinaning'inia, mkono mmoja umeshika kijiti, mwingine unatafuta uzi, na sindano ya alumini ikipata nafasi inachomoka yenyewe. Tena asubuhi za huku kwetu alumini ni baridi kama bomba. Za plastiki ni nyepesi na bei yake ni ya chini, ila za unene mdogo hupinda, na nyuzi za akriliki hung'ang'ania juu yake hasa mikono ikitoa jasho, jambo ambalo ndugu zangu wa pwani wanalijua. Za mianzi zinashika kitanzi kiasi cha kukufanya utulie, hazipoi wala hazichemki, na zikianguka sakafuni hazimwamshi mtoto.

Na mianzi tunayo. Mkoa unaogema ulanzi hauna sababu ya kulia kwamba sindano za mianzi hazipatikani dukani. Ulanzi unatoka kwenye chipukizi. Sindano inataka mwanzi uliokomaa na kukauka vizuri, wenye nyama nene. Pasua, chonga kwa kisu, pitisha kwenye tundu la ubao wako mpaka unene ulingane mwanzo hadi mwisho, kisha msasa mkavu wa punje kubwa, halafu wa punje ndogo, na mwisho paka nta ya nyuki na usugue kwa kitambaa mpaka ing'ae. Nimechonga jozi tatu. Ya kwanza ilikwama kwenye uzi kwa sababu nilikuwa na haraka na msasa. Ya tatu ninayo mpaka leo.

Ncha isiwe butu kama kidole wala kali kama ya kushonea nguo. Butu inashindwa kuingia chini ya kitanzi kilichobanwa na mapishano. Kali mno inapasua nyuzi za akriliki katikati, na uzi uliopasuka unaonekana juu ya kamba kuliko mahali popote pengine. Urefu wa sentimita 25 hadi 30 unatosha. Zile ndefu ni za kubana kwapani, mtindo wa watu wenye mazoea yao. Kama utapata sindano za mviringo, yaani mbili fupi zilizoungwa kwa mshipi laini wa plastiki, zichukue hata kama hufumi kitu cha mviringo. Uzito wa sweta unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja, na ukiwa ndani ya basi la Makambako humchomi kiwiko jirani yako.

Sasa kijiti cha kupumzishia. Dukani kipo cha umbo la herufi U na kipo kilichopinda katikati kama bawa la ndege. Kama hukipati, hapa ndipo spoku ya baiskeli inaporudi kwa heshima zote. Kata kipande cha urefu wa kidole kirefu, kipinde kidogo katikati ili vitanzi visiteleze, na ncha zote mbili zisugue kwenye jiwe mpaka zisikwaruze shavu lako. Kibanio cha nywele kinafaa pia. Penseli haifai, ni nene mno, inatanua vitanzi na kuviacha midomo wazi. Kanuni ni moja: kijiti kisizidi unene wa sindano unayofumia.

Uzi wa kujifunzia uwe wa rangi nyepesi, laini, usio na manyoya. Rangi nyeusi chini ya taa ya jioni inaficha kila kitu unachotakiwa kukiona. Madukani kwetu tele ni akriliki, na akriliki inafanya kamba nzuri. Ila usiipige pasi ya moto. Joto linaiyeyusha kidogo, kamba inalala chini kama majani yaliyokanyagwa, na haiamki tena. Sufu ya kondoo ndiyo mfalme wa kamba, kwa sababu inavutika na kurudi. Pamba hairudi, na ni nzito. Lakini ninyi wa Tanga na Dar es Salaam, ambao sweta kwenu ni adhabu, foronya ya mto wa sebuleni iliyofumwa kwa pamba ikiwa na kamba mbili katikati ni kitu cha kupendeza sana. Hilo ndilo neno nililowaahidi.

Chukua basi sindano zako na uanzishe vitanzi 22. Hiki ni kipande cha mazoezi, hakina jina. Vitatu vya mwanzo na vitatu vya mwisho ni pindo: vifume kwa uso kila safu, mbele na nyuma, ili kitambaa kisijikunje. Ukiwa upande wa uso, baada ya pindo fuma vitano kwa mgongo, sita kwa uso, vitano kwa mgongo, pindo. Ukigeuza, fuma unachokiona: penye kinundu mgongo, penye V uso, ukiacha pindo. Safu nne hivyo. Ya tano ni upande wa uso: ukifika kwenye vile sita vya katikati, vitatu vya mwanzo vihamishie kwenye kijiti, viache mbele, fuma vitatu vinavyofuata, kisha fuma vitatu vya kwenye kijiti. Kaza uzi kidogo kwenye kitanzi cha kwanza baada ya kuvuka, pasibaki tundu. Endelea safu saba za kawaida, ya nane pishanisha tena. Ukifikisha mapishano matatu, kiweke juu ya meza na utazame.

Utaona pia kitambaa kimejibana upana. Kamba hula upana, na hula uzi. Mtu akichukua hesabu ya vitanzi vya sweta tambarare la mwanawe akaongeza kamba nne kifuani bila kuongeza vitanzi, mtoto hatapumua. Ongeza vitanzi viwili hivi kwa kila kamba ya vitanzi sita, na nunua mabonge ya ziada siku hiyohiyo, yenye namba moja ya rangi kwenye karatasi zake, kwa sababu nyekundu ya wiki ijayo haitalingana na nyekundu ya leo.

Nirudi kwa yule mama wa kwenye mitumba na neno lake, kwamba kamba ni ya waliosomea. Lile sweta la rangi ya maziwa lina kwao. Linatoka visiwa vya Aran, visiwa vitatu vidogo vya mawe vilivyo magharibi mwa Ireland, kwenye mlango wa ghuba ya Galway. Watu wamezoea kusimuliwa kwamba kila ukoo wa wavuvi wa huko ulikuwa na kamba zake tangu zama za kale, ili mvuvi akizama na kuokotwa mwili wake utambuliwe kwa sweta. Simulizi hiyo inawavutia wanunuzi, na si ya kweli. Iliota kutokana na tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, Riders to the Sea, ambamo dada anamtambua kaka yake aliyezama kwa kuhesabu vitanzi vya soksi aliyomfumia mwenyewe. Ilikuwa soksi tu, haikuwa sweta wala kamba, na hapakuwa na ukoo. Masweta yale yenyewe ni ya mwanzoni mwa karne ya 20. Wanawake wa visiwani, maskini, waliyafuma ili wauze. Walitazamana, wakaigana, kila mmoja akaongeza lake, bila karatasi. Maelekezo ya kuchapishwa yalikuja baadaye, miaka ya 1940, kamba zikiwa tayari zimeshaenea kifuani mwa watu. Mwaka 1961 wanamuziki wa Kiayalandi, Clancy Brothers na Tommy Makem, walipoyavaa kwenye televisheni ya Marekani, dunia nzima ikayataka.

Na kufuma kwenyewe hakukuzaliwa huko. Miongoni mwa vitu vya zamani kabisa vya kufumwa kwa sindano vilivyobaki ni soksi za pamba za Misri, za buluu na nyeupe, za miaka kati ya 1000 na 1300 hivi. Huko Burgos, Hispania, ndani ya kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa na mafundi Waislamu, na kwenye mto huo limefumwa neno la Kiarabu ambalo sisi tunalitamka kila siku: baraka.

Naeleza haya ili unielewe ninaposema kwamba kamba haina mwenyewe. Wanawake wa Aran waliisoma kutoka kwenye kitambaa cha jirani. Nawe unaweza kuisoma kwenye kibanda cha mitumba, umesimama, bila kununua. Hesabu V za kamba moja: sita, nane, nne? Tazama inalalia wapi, ujue waliosubiri walisubiri mbele au nyuma. Kisha hesabu V zinazopanda kutoka mapishano moja hadi yanayofuata, ujue safu. Mambo matatu, na umelibeba sweta zima kichwani hadi nyumbani.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kusoma hivyo. Miaka ya mwisho macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akawa anasoma kwa kidole gumba. Jioni moja nilikuwa namfumia baba sweta, nimefika kifuani, nimefurahi. Nikampa alishike. Gumba likapanda na kamba ya kwanza, likashuka, likapanda na ya pili, likasimama. "Hapa wamepita nyuma," akasema. Nikatazama. Kweli, safu 20 chini, kwenye kamba ya pili, nilikuwa nimesubirisha nyuma badala ya mbele. Kamba yote ililalia kushoto, pale tu ikalalia kulia.

Nikaanza kuchomoa sindano nifumue. Akanishika mkono. "Mwanangu, unabomoa nyumba kwa sababu ya dirisha?"

Akanionyesha. Fuma mpaka ufike kwenye vitanzi sita vya kamba ile, viachie hivyo sita peke yake vidondoke. Vingine viache palepale kwenye sindano. Vuta taratibu, vitanzi vinashuka safu kwa safu mpaka chini ya mapishano yenye kosa, na nyuma yake zinabaki nyuzi zimelala kama vipande vya ngazi. Mimi nilikuwa natetemeka. Yeye alikuwa ananieleza habari za shamba la mahindi. Tukaviokota vile sita kwa kijiti cha spoku, watatu tukawasubirisha mbele, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kisha tukachukua uzi wa chini kabisa wa ngazi, tukafuma sita. Uzi wa pili, sita. Kwa vijiti viwili vifupi, tukapanda ngazi yote, tukikutana na zamu za kupishanisha zilezile njiani, mpaka vitanzi vikarudi kwenye sindano. Pembeni palikuwa pamelegea kidogo. Akavuta kitambaa upana, akakivuta urefu, ulegevu ukagawanyika na kupotea.

Gumba lake likapanda tena na kamba, kutoka kiunoni hadi kwenye sindano, bila kusimama. Akanirudishia.

"Safu ya ngapi hiyo tangu mapishano ya mwisho?"

Nikahesabu. "Ya tano, shangazi."

"Basi bado tatu."